Mwalimu Aliyechukua Kazi Yangu

Kwa miaka minne nilimwamkia mtu aliyechukua kazi yangu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?" Hajambo, nilikuwa nasema, huku roho ikiniuma kama jino bovu. Tulikutana karibu kila asubuhi pale barabara ya zamani ya Ujiji inapokaribia reli, yeye na baiskeli yake akielekea kiwanda cha asali, mimi kwa miguu nikielekea chuoni kufundisha vipindi vyangu vya mkataba. Hakuwahi kupita tu. Alisimama, akateremsha mguu mmoja chini, akangoja salamu yake yote iishe. Ukimwamkia kwa haraka, alikuuliza habari za mama, za kazi, za mvua, mpaka ukatulia. Hebu fikiria! Mtu akupokonye tonge mdomoni, halafu adabu ikutake umwinamie kidogo.

Sitaeleza kwao wala ukoo wake. Sikuwahi kuuliza, na kusema kweli sikutaka kujua jambo lolote ambalo lingenifanya nimwonee huruma. Namjua kama mwalimu wangu wa kemia wa kidato cha tatu na cha nne, kisha namjua kama mshindani wangu. Mji mzima unamwita Mwalimu, ingawa ana shahada ya udaktari wa falsafa kama mimi. Hilo nalo lilinikera. Mimi mtu akiniita dada bila kutaja udaktari, nilimsahihisha, hata kama ni muuza nyanya. Yeye wazee walimwita Mwalimu, vijana Ticha, na siku moja mlinzi wa kiwanda alimwita Fundi, naye akaitika bila kugeuza shingo.

Alikuwa na sweta moja la kahawia lililotoboka kiwiko cha kushoto. Alilivaa hata mwezi wa kumi, jua la Tabora linapowafanya mbuzi wagombee kivuli. Mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu mbili, na moja haikuwa na wino. Nilipokuwa mwanafunzi nilimuuliza ya nini. Akasema ni ya kuazimisha watu wasiorudisha vitu. Darasa zima tulicheka, kisha kila mmoja akakumbuka kalamu aliyowahi kupewa na Mwalimu ikakataa kuandika.

Kwenye chai alitia sukari vijiko vinne. Mtaalamu wa asali! Mtu aliyekuwa na mapipa ya asali safi kuliko yote ya ukanda huu, alikoroga sukari ya dukani mbele ya wageni bila haya. Wanunuzi kutoka nje walipomtembelea kiwandani na kumwona, mmoja aliuliza kama asali ina tatizo. Mwalimu akamjibu, "Asali ni kazi. Chai ni mapumziko." Mgeni akacheka, akaongeza oda. Mimi nilisimuliwa kisa hicho na mama yangu, aliyesimuliwa kanisani, na nilikuwa sijamaliza kula. Nikasukuma sahani.

Mama yangu ndiye aliyenimaliza kabisa. Tunaishi wote hapa mjini tangu baba afariki na shamba la Urambo libaki kwa kaka. Kila Mwalimu alipopita na kumwachia kichupa cha asali ya nyuki wadogo kwa ajili ya kifua chake, mama alikiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo lazima nikione nikichukua kikombe. "Mwalimu wako ana utu," alisema. Si kwamba alikosea. Ningependa angalau siku moja akosee.

Darasani alikuwa na desturi moja iliyotutesa. Akimaliza kueleza, hakuuliza kama tumeelewa. Aliuliza, "Nani hajaelewa?" Kisha alikaa juu ya meza yake, akakunja mikono, akangoja. Somo halikuendelea mpaka mtu mmoja anyanyuke na kusema kitu asichokijua. Ungeweza kusikia nzi akitembea kwenye kioo. Kuna siku kipindi kizima kiliisha hivyo, kengele ikalia, akasema, "Basi leo mmekuwa maprofesa. Nendeni." Siku ya pili wasichana watano walinyoosha mikono kabla hajafika ubaoni.

Mimi sikuwahi kunyoosha. Nilikuwa wa kwanza darasani, na wa kwanza hana asichokijua. Nikiwa sijaelewa nilikwenda bwenini nikasoma mpaka nikaelewa, peke yangu, shuka likiwa kichwani. Yeye aliliona hilo. Kwenye mtihani wangu wa mwisho wa kidato cha nne, ule wa majaribio, nilipata alama ambayo shule ilikuwa haijawahi kuiona kwenye kemia. Wenzangu walinibeba juu. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu pembeni: "Umejibu. Hukueleza." Maneno hayo mawili yalinikaa kooni miaka na miaka. Bahili wa sifa yule! Kwa wasichana waliopata nusu ya alama zangu aliandika "Vizuri sana" na kuipigia mstari.

Alikuwa na kinyume chake pia, usidhani ni malaika. Alihubiri unyenyekevu, lakini hakukubali kushindwa bao. Akianza kuelemewa, ghafla alikumbuka kwamba amechelewa mahali. Alikataa kuitwa daktari, lakini ukiingia sebuleni kwake Kiloleni utakuta picha yake ya mahafali, joho jekundu na kofia yenye kishada, kubwa kuliko picha ya ndoa yake. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba anaifuta vumbi mwenyewe na haruhusu mtu aisogeze. Siku moja nilikaa kwenye kochi lao nikaitazama picha ile, nikajiambia: ohoo, kumbe na wewe unaupenda.

Udaktari wenyewe aliupata uzeeni. Mimi nilitangulia. Nilipata ufadhili, nikaenda nchi ya baridi, nikakaa miaka minne nikichunguza asali kwa mashine ambazo hapa hata picha zake hatuna, nikarudi. Mama alichinja mbuzi. Kaka alileta watu lori zima kutoka Urambo. Mwalimu alikuja na sweta lake, akanipa mkono, akasema "Hongera, mwanangu," akala kidogo, akaondoka mapema. Nilidhani amechelewa mahali, kama kwenye bao. Mwaka haujaisha tukasikia ameomba likizo ya masomo, amekwenda Morogoro kusoma udaktari, umri ambao wenzake wanapanga mabanda ya kuku wa kustaafia. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Nilicheka mpaka siku Mama Kiwanda alipotangaza nafasi.

Mama Kiwanda ni mwanamke wa Nzega aliyeanza kwa kuuza asali kwenye ndoo kando ya barabara ya mabasi, na sasa ana jengo refu la bati jeupe nje ya mji, mashine za kuchuja na malori mawili. Kwenye lebo zake ameandika kwamba asali yake inatoka kwenye njia ya misafara ya kale. Wanunuzi wanapenda hadithi hiyo. Mababu zetu wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu za watu wengine mpaka pwani, na mimi nilibeba vyeti kutoka Ulaya mpaka hapa, na wote tulikuwa tunabeba tukitumaini kuna mtu anangoja mzigo mwisho wa safari. Mama Kiwanda alihitaji mkuu wa ubora, mtu mwenye udaktari. Asali, Tabora, udaktari. Nilijua kazi imetengenezwa kwa kipimo changu. Nilinunua viatu kabla ya usaili.

Tulifika watatu. Kijana mmoja wa Dar mwenye tai, mimi, na Mwalimu, ambaye alikuwa amerudi na shahada yake miezi michache tu kabla. Nilimwamkia, nikamhurumia. Mama Kiwanda alitukalisha pamoja ofisini kwake, hakutaka mambo ya kuingia mmoja mmoja. Alichukua tasnifu yangu, kurasa mia tatu na jalada gumu, akaipima mkononi kama anavyopima ndoo.

"Nzito," akasema. "Sasa niambieni. Nikikuajiri Jumatatu, Ijumaa nitakuwa na nini mkononi?"

Kijana wa Dar alisema atakuwa na mpango mkakati. Mimi nilisema itategemea vifaa vya maabara na bajeti ya utafiti, na nikaeleza kwa nini wiki moja haitoshi kitaalamu. Nilieleza vizuri sana. Mwalimu alisema, "Sijui bado, mama. Nionyeshe kinachokunyima usingizi."

Mama Kiwanda akasimama, akatupeleka nyuma, kwenye sakafu ya kupokelea ndoo. Kulikuwa na ndoo kama arobaini zimetengwa pembeni kwa chaki. Mzigo mzima ulikuwa umerudishwa na mnunuzi kwa sababu ya harufu. Alifungua kifuniko kimoja, akatuambia tunuse.

Nilinusa. Na hapa nasema ukweli ambao nimeukimbia muda mrefu: nilijua palepale. Haikuhitaji mashine. Ilikuwa harufu ya bani la baba yangu, lile jengo la udongo tulilokaushia tumbaku kwa moto. Huko kwetu, tumbaku ikishauzwa, bani linabaki tupu hadi msimu mwingine, nalo ndilo jengo pekee lenye mlango wenye kufuli, tena kavu, siafu hawaingii. Kwa hiyo asali ikirinwa mwezi wa sita, inawekwa mle kungoja gari la mnunuzi. Kila nyumba hufanya hivyo. Nikiwa na miaka tisa nilibeba ndoo zile kichwani nikaziingiza mle ndani mimi mwenyewe, na baba alinisifu kwamba sikumwaga. Kuta za bani zimekunywa moshi na tumbaku miaka ishirini, na asali inanyonya kila harufu iliyo karibu nayo. Mtu asiyezaliwa huko angetafuta tatizo kwenye moshi wa kufukuzia nyuki, au kwenye maua, au kwenye dawa za shambani.

Nikatafuta huko. Nilifungua mdomo nikataja vyanzo saba vinavyowezekana, kwa majina ya kitaalamu, na nikasema sampuli zipelekwe nje ya nchi. Kwa nini? Kwa sababu kijana wa Dar alikuwa na tai na mimi nilikuwa na viatu vipya, na nilikuwa nimesoma miaka yote ile ili nisinuke bani. Ningesemaje kwamba najua kwa pua? Ningesemaje kwamba hata sisi kwetu tulifanya hivyo?

Mwalimu alikuwa amesimama kando yangu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa ajili yake. Kisha akauliza swali moja tu: "Hizi ndoo, mama, zimelala wapi kabla ya kuja hapa?"

Mama Kiwanda akamtazama. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kazi ikawa yake. Ijumaa ile alikuwa na jina la kijiji mkononi. Alikuwa amekwenda Usinge kwa pikipiki ya kukodi, akalala huko kwa mzee mmoja wa kikundi cha warina asali, na asubuhi akaomba aonyeshwe asali inapohifadhiwa. Nasikia hakuwakaripia hata kidogo. Aliwaamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka kwa kila mtu mpaka mtoto wa mgongoni, akatoa vijiko viwili, kimoja cha asali iliyolala bani na kingine cha asali iliyotoka mzingani jana yake, akawaambia wanuse wenyewe, kisha akauliza, kama kawaida yake, nani hajaelewa. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Ndani ya mwaka vikundi vya Usinge mpaka Ulyankulu vilikuwa vimejenga vibanda vya asali peke yake, na ndoo za chaki zikaisha.

Nani alifurahi? Kila mtu. Mimi nikawaambia watu kwamba kazi ya kiwandani haimfai msomi, kwamba nilikwenda kwenye usaili kujaribu tu. Sizitaki mbichi hizi! Nililisema hilo harusini, nikalisema msibani. Usiku sikulisema, kwa sababu usiku nilikuwa najua.

Wivu ukikaa sana unakuwa na ratiba. Wangu uliamka nami, ukapiga mswaki nami. Niliuonea wivu mshahara wake, lakini huo si mkubwa. Niliyaonea wivu mabuti yake yenye matope, kwa sababu matope yale yalikuwa ya mahali alipohitajika. Nilionea wivu jinsi madereva wa malori walivyompigia simu kumuuliza jambo, naye anajibu "sijui, ngoja nikaone" bila kushusha hadhi yake hata chembe. Mimi nikisema sijui mbele ya wanafunzi, shingo inapata joto. Udaktari wangu ulikuwa umekaa ndani ya jalada gumu. Wa kwake ulikuwa unapanda baiskeli.

Mwaka jana chuo hakikuniongezea mkataba. Sikumwambia mtu. Nilitoka nyumbani asubuhi ileile, njia ileile, nikamwamkia Mwalimu pale relini, kisha nikaenda kukaa maktaba ya mkoa mpaka mchana. Mama atajua sasa, akiyasoma haya ninayoandika. Halafu asubuhi moja Mwalimu hakupita. Wala ya pili. Wiki ya pili nikasikia macho yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na kwamba anaacha kazi. Nafasi ikatangazwa tena. Mama Kiwanda safari hii alitaka kila mwombaji alete barua ya mtu anayemfahamu kikazi. Nilihesabu watu wanaonifahamu kikazi. Wa nje ya nchi walinifahamu kwa barua pepe. Hapa nyumbani alikuwa mmoja tu, na ndiye niliyekuwa namchukia.

Nikaenda Kiloleni siku ya Jumamosi mchana. Alikuwa amekaa sebuleni chini ya picha yake, bila sweta, nikaona jinsi mikono yake ilivyokonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekutambua kwa miguu. Unatembea kama unayewahi kitu." Akamwita mkewe alete chai. Vijiko vinne, kwa kupapasa.

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza. Kisha akasema, "Siku ile kwenye ndoo, wewe ulijua."

Kikombe kilinigonga meno.

"Nilikuona," akasema. "Kifuniko kilipofunguka ulirudi nyuma hatua moja, ukafumba macho kama mtu aliyefika kwao. Mimi sikujua kitu. Mimi nimekulia mjini, bani nilikuwa nimeliona kwenye kitabu tu. Nikakusubiri useme. Nilisubiri, nikasubiri. Uliposema mambo ya Ulaya, ndipo nikauliza mimi. Na tulipotoka nilimwambia mama yule: mchukue huyu binti, huyu anajua. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui." Lilinitoka lenyewe.

"Alisema: wanaojua ni wengi, Mwalimu, wanakuja hapa na vyeti kama mikeka. Mimi nataka mtu atakayeniambia saa mbili asubuhi kwamba pipa limeharibika, nisije nikaambiwa na mnunuzi. Anayejua na hasemi, ananifaa nini?" Akaweka kikombe chini kwa uangalifu. "Wazee walisema mficha uchi hazai, mwanangu."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alinitetea bila ruhusa yangu, na kwa sababu nilimchukia miaka minne bila kujua kwamba alinitetea, kwa hiyo hata chuki yangu ilikuwa ya hasara. Nikasema, "Mwalimu, mimi nimekuonea wivu. Tangu siku ile. Kila asubuhi nilipokuamkia nilikuwa nakuombea mabaya." Nilidhani kuta zitaanguka.

Akacheka kidogo, bila sauti. "Mimi nilitangulia."

"Ulitangulia nini?"

"Kukuonea wivu. Siku ya mbuzi wenu. Nilikushika mkono, nikarudi hapa, nikajifungia chumbani nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimewafundisha watu miaka ishirini na mitano, na mtoto niliyemshikisha bomba la majaribio amerudi ananipita na joho. Mke wangu alidhani nimefiwa. Asubuhi nikaandika barua ya kuomba likizo ya masomo." Akainua mkono akaonyesha picha, akakosea kidogo upande. "Ile pale ni wivu. Ndiyo maana naifuta mwenyewe. Wangu ulinipeleka shule. Wako umekupeleka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa baya kuliko alivyodhani, na nitaliandika hapa kwanza kabla sijalisema. Kila msimu, miaka yote hiyo, nilikuwa nanunua chupa za asali yao dukani na kuzipima maji kwa kipimo changu cha mkononi nilichorudi nacho kutoka masomoni. Nilikuwa namtafutia kosa. Na nililipata. Chupa zilizojazwa miezi ya mvua zilikuwa na maji mengi kuliko inavyotakiwa, mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, na asali yenye maji hivyo siku moja huchacha. Niliandika kila kipimo kwenye daftari. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naingoja siku ambayo mzigo utachachia bandarini na mji wote useme Mwalimu ameshindwa. Nilikuwa naingoja kama watu wanavyongoja sikukuu.

Aliniandikia barua palepale, karatasi ikiwa karibu na pua yake, kwa mwandiko uleule wa ubaoni uliokuwa sasa unapanda mlima. Hakuitia kwenye bahasha. "Isome njiani," akasema. "Ukiona haikufai, ichane. Mimi sitauliza."

Niliisoma langoni. Ilikuwa mistari miwili. "Huyu anajua kuliko mimi. Usimwamini akikujibu mara ya kwanza. Muulize mara mbili." Barua gani hiyo ya kumwombea mtu kazi? Nilikaribia kuichana. Nilishika pembe zote mbili kabisa. Kisha nikaona mkewe ananitazama kutoka dirishani, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba pamoja na hasira zangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya Mama Kiwanda. Hakunikaribisha kiti. Aliisoma barua mara moja, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akaniangalia juu ya miwani.

"Kuna kitu unakijua kuhusu asali yangu?"

"Hapana, mama," nikasema, haraka na kwa ufasaha.

Nje mtu alikuwa anaviringisha pipa tupu sakafuni. Mama Kiwanda aliiweka barua mezani, akailaza kwa kiganja.

"Nakuuliza tena."

Nikaona kwamba nikisema, nitakuwa nimemchafua Mwalimu, na nimejichafua mimi zaidi, na hakuna kazi atakayopewa mtu wa namna hiyo.

"Asali yako ya masika ina maji," nikasema. "Mnapima ndoo zikiingia, basi. Mnafungua mapipa mvua inanyesha, asali inafyonza unyevu, mnajaza chupa, hampimi tena. Mwalimu hakuliona hilo. Mimi nimeliona miaka mitatu." Nikatoa daftari. "Nilijua, mama. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilikuwa namwonea wivu."

Mama Kiwanda alilifungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akalamba kidole, akafunua wa pili, wa tatu. Alivua miwani. Kwa mguu wake chini ya meza alikisukuma kiti kikanijia.

"Kaa," akasema. "Anza na chupa ya kwanza."